Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito ghafla, diski inasoma asilimia 100 wakati hakuna kazi yoyote

#1 Jirani_wa_Saba

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kabla sijairusha hii mashine dirishani.

Nina kompyuta ya mezani, tunaitumia mimi, mume wangu na watoto wawili. Ina kama miaka sita, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya TB 1. Haijawahi kuwa na mbio za ajabu, ila kazi ilikuwa inafanya. Kuanzia Jumapili imegeuka kitu kingine. Nikiiwasha inachukua dakika kumi na moja mpaka nione picha ya ukutani, nimepima kwa saa ya simu. Nikibofya folda, mshale unakuwa duara, duara linazunguka, naenda kuanua nguo, narudi bado linazunguka. Halafu ghafla kila nilichokuwa nimebofya kinafunguka kwa mkupuo, madirisha saba mara moja, kisha inaganda tena.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeondoa programu nne tusizozitumia, nimemwaga pipa la taka, nimepiga skani ya antivairasi (ilikesha usiku kucha ikafika asilimia 9). Hatujaweka kitu kipya. Hakuna aliyeigusa.

Natanguliza shukrani.

#2 Chapchap

Hapo hakuna mjadala mkuu. Piga window upya, itakuwa kama imetoka kwenye boksi leo.

#3 Kikoti

Watoto wawili na kompyuta nzito, jibu ni gemu la kupakua kwenye tovuti za ajabu. Utakuta kuna kidude kinachimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako. Weka programu ya kusafisha, ipige mara mbili.

#4 MzeeWaDosi

Kabla ya yote: unaizima usiku au unaiwasha upya? Msicheke. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukizima kwa njia ya kawaida kiini cha mfumo hakifungwi kabisa, kinahifadhiwa kwenye diski kilivyo ili kesho kiwake haraka. Kama kuna uchafu, unaamka nao. Kuwasha upya ndiko kunakoanza moja. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, itafunguka Task Manager, nenda kwenye ukurasa wa prosesa, chini pale kuna muda ambao mfumo umekuwa macho. Tuambie unasema nini.

#5 Jirani_wa_Saba

Unasema siku 19! Na mimi naizima kila usiku kwa mkono wangu. Nimewasha upya sasa hivi, nimesubiri zile dakika zangu kumi na moja, mambo ni yale yale.

(Chapchap, si mkuu, ni dada. Ila endelea tu, nimezoea.)

#6 BisibisiNyota

Subirini jamani, mgonjwa hajapimwa na dawa tatu zimeshatoka.

Dada, neno zito katika maelezo yako ni "ghafla". Kompyuta inayochoka polepole, kwa miezi, kawaida imejaa: programu zinazojiwasha zenyewe, diski isiyo na nafasi, brauza yenye viongezo kumi. Kompyuta iliyokuwa nzima Jumamosi na Jumapili ikawa hoi, kuna kitu kimoja kimetokea. Tunatafuta hicho kimoja. Ukianza kufuta na kusafisha ovyo utaongeza vitu vipya kwenye kesi na hatutajua kipi kilikuwa kipi.

Kwa hiyo usifute tena kitu. Usiweke programu ya kusafisha. Fungua Task Manager hiyo hiyo aliyokuonyesha Mzee, funga kila kitu kingine, kaa dakika tano bila kugusa kipanya. Halafu niletee namba nne: prosesa asilimia ngapi, kumbukumbu asilimia ngapi, diski asilimia ngapi, mtandao kiasi gani. Moja kati ya hizo nne ndiyo inayowasubirisha wenzake.

Hoja ya Kikoti si ya kutupwa. Wachimbaji wa sarafu wapo, na baadhi yao wana adabu mbaya ya kujificha mara tu Task Manager inapofunguliwa. Sikiliza feni. Kama inavuma kwa nguvu ukiwa hujagusa kitu, na inatulia ukifungua Task Manager, utakuwa umemshika mkia. Ila mchimbaji anakula prosesa, na kilio chako hakifanani na cha prosesa.

Jambo moja si la kusubiri: picha na kazi zako zilizomo humo, kama hazipo mahali pengine, anza kuzinakili kwenye diski ya nje leo. Hata kama zitachukua usiku mzima.

#7 Jirani_wa_Saba

Feni iko kimya kabisa. Namba baada ya dakika tano:

Prosesa 6%. Kumbukumbu 47%. Mtandao 0. Diski 100%, imenata hapo haishuki.

Nilipobofya neno diski upande wa kushoto nimeona kasi ya kusoma 0.2 MB kwa sekunde, na muda wa wastani wa kujibu unacheza kati ya 3,800 na 4,600 ms. Sijui kama ni mbaya.

Picha zimeanza kunakiliwa. Inaniambia zimebaki siku mbili.

#8 BisibisiNyota

Ni mbaya, na asante kwa kuleta namba badala ya "iko slow".

Ile asilimia 100 inawachanganya wengi. Haisemi diski imefanya kazi nyingi, inasema muda wote ilikuwa na mtu dirishani. Karani anaweza kuwa amehudumia watu mia kwa saa, au ameganda na mtu mmoja saa nzima, ukiuliza "alikuwa na mteja muda wote?" jibu ni ndiyo kwa wote wawili. Wako ni yule wa pili.

Kasi ndogo peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Diski ya kuzunguka ikisoma faili moja kubwa lililonyooka inafika MB 100 na zaidi kwa sekunde, lakini ikitakiwa kuokota vipande vidogo vilivyotawanyika inaanguka hadi MB moja au chini yake, kwa sababu kila kipande sindano ya kusomea inabidi ihame. Kinachonitisha ni hizo 4,000 ms. Diski nzima inajibu ndani ya makumi ya milisekunde. Wewe unauliza swali moja unasubiri sekunde nne.

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Diski yenyewe huwa inaandika kumbukumbu za maradhi yake, hiyo programu inazisoma tu. Niandikie mistari inayoanza na 05, C5, C6 na C7, namba za mwisho kulia.

#9 Chapchap

Mnazunguka mbuyu. Kuna huduma ya Windows inayojiendesha chinichini inaitwa SysMain, izime na ile ya kupanga faharasa za utafutaji. Yangu ilikuwa asilimia 100 hivyo hivyo, nilizima ikapona.

#10 BisibisiNyota

Inawezekana kabisa yako ilipona. SysMain, faharasa, masasisho, antivairasi ikipita, zote zinaikamata diski. Lakini zikiwa ndizo chanzo utaona diski inatoka jasho kweli, MB kadhaa kwa sekunde, na jina la mhusika liko juu kwenye orodha. Na baada ya muda zinamaliza. Hii haisogei, 0.2, tangu Jumapili.

#11 MzeeWaDosi

Imenikumbusha enzi za Windows XP. Kulikuwa na ugonjwa mmoja: mashine inakuwa nzito siku moja tu, hata muziki unakwamakwama. Watu wanapiga window upya, inapona, wanasema ilikuwa vairasi. Kumbe XP ilikuwa na kanuni yake: ikipata makosa sita ya mawasiliano na diski, inaanza kuishusha hatua kwa hatua kutoka njia ya haraka ya DMA, na makosa yakiendelea inaifikisha njia ya kale ya PIO, ambayo kila baiti lazima ipitie mikononi mwa prosesa. Na haikuwa inapandisha tena yenyewe. Kupiga window upya kulifuta hiyo hesabu tu. Miezi miwili baadaye mtu yule yule anarudi na mashine ile ile.

Nilibeba kompyuta ya shemeji yangu mara tatu kabla sijajua. Mara tatu, na ngazi zote zile.

#12 Tabasamu

Samahani kwa kudandia uzi wa watu. Mimi laptopu yangu nayo imekuwa nzito ghafla, ila nikiangalia hizo namba nne diski imetulia, prosesa ndiyo iko juu, na kasi yake imeandikwa 0.39 GHz. Haipandi hata nikifungua nini. Ni vairasi?

#13 BisibisiNyota

Tabasamu, ikiganda kwenye 0.39 au 0.79 bila kutikisika, vairasi ni wa mwisho kushukiwa. Kuna waya wa dharura unaoiambia prosesa "punguza, kuna hatari", na kwenye laptopu nyingi anayeuvuta ni sakiti ya umeme, pale chaja isipotambulika au betri ikiwa na kasoro. Chomoa chaja, itumie kwa betri dakika mbili, angalia kasi. Kisha jaribu bila betri kama inatoka. Utajua nani kati yao.

Joto nalo lipo, lakini joto hucheza: kasi inapanda, inashuka, inapanda. Prosesa nyingi za laptopu huanza kujipunguza zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Yako ingekuwa inaunguza mapaja.

#14 Jirani_wa_Saba

CrystalDiskInfo imefunguka baada ya muda mrefu. Juu imeandika kwa bluu kwamba afya ya diski ni nzuri. Kwa hiyo diski ni nzima?

05 ni sufuri tupu. C5 sufuri tupu. C6 sufuri tupu. C7 ni 000000000737.

#15 Chapchap

Makosa 737! Hiyo imekufa, imebaki kuzikwa. Nunua SSD dada, diski isiyozunguka.

#16 BisibisiNyota

Kwanza hiyo si mia saba thelathini na saba. CrystalDiskInfo bila kubadilishwa mipangilio inaonyesha hesabu kwa mfumo wa kumi na sita. 737 hapo ni 1,847 kwa namba zetu.

Pili, angalieni ni mstari gani. 05 ni sehemu za diski zilizooza zikahamishwa. C5 ni sehemu zinazosubiri kuamuliwa kama zimeoza. C6 ni zilizoshindikana kusomeka. Diski ikianza kufa, kwa kawaida moja ya hizo tatu hutoka sufuri, na ndizo zinazogeuza ile bluu kuwa njano. Zake zote sufuri. C7 ni kitu kingine kabisa: inahesabu mara ambazo data ilisomwa vizuri, ikatumwa, ikafika upande wa pili imeharibika, ikabidi itumwe tena. Barua imeandikwa sawasawa, anayeidondosha matopeni ni tarishi.

Wanasema mjumbe hauawi, lakini huyu wa leo namshuku. Namshuku waya.

Tatizo, C7 haishuki kamwe. Hizo 1,847 zinaweza kuwa za miaka mitatu iliyopita. Kwa hiyo, dada, tumia mashine saa moja kisha soma tena. Pia fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia kwenye kumbukumbu za mfumo, tafuta namba 129 na 153. Ya kwanza ni pale Windows ilipochoka kusubiri ikalazimika kuiamsha diski kwa kofi, ya pili ni ombi lililorudiwa. Niambie zimeanza lini.

Na uliandika "hakuna aliyeigusa". Hebu uliza tena hapo nyumbani.

#17 Jirani_wa_Saba

Nimesoma tena baada ya saa moja na kidogo: 000000000751.

129 ziko nyingi, ukurasa mzima, na 153 zimechanganyika humo. Nimeshuka mpaka mwisho. Ya kwanza kabisa ni Jumapili saa 11 na dakika 20 jioni. Kabla ya hapo hakuna hata moja.

Nimeuliza nyumbani. Mume wangu anasema hajaigusa. Mtoto wa pili anasema baba aliifungua Jumapili akapuliza vumbi kwa mdomo. Mume wangu anasema kupuliza si kugusa.

#18 MzeeWaDosi

Hahahaa! Kesi imekwisha, shahidi apewe ulinzi.

#19 BisibisiNyota

751 ni 1,873. Makosa 26 mapya ndani ya saa moja. Huyo yuko kazini sasa hivi.

Ngoja nakala za picha zimalizike kwanza, au angalau zile usizoweza kuzipata tena. Na mtu asikushauri kupiga chkdsk yenye /r kabla ya hapo. Ile inapitia diski nzima na kuandika marekebisho, na marekebisho hayo yatapita kwenye waya huo huo mbovu.

Ukimaliza: zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, gusa bati la kasha. Fungua ubavu. Diski ina nyaya mbili. Mpana ni wa umeme. Mwembamba, bapa, ndio wa data, na ndio tunaoutaka. Angalia kama kifuniko kilikuwa kinaukandamiza, au kama umekunjwa kona kali karibu na kichwa chake. Angalia ncha zote mbili, ya kwenye diski na ya kwenye mazabodi (ule ubao mkuu wa ndani), kama zimezama hadi mwisho.

Usiukunje kuunyoosha halafu ukauamini. Badilisha. Kama mashine ina kisomea DVD ambacho hamkitumii, waya wake ni huo huo, azima. Chomeka pia kwenye tundu jingine la mazabodi ukiweza, ili tundu nalo lisije kuwa mshirika.

#20 Kikoti

Swali la mtu asiyejua: waya ukiwa mbovu si ungekata kabisa? Mbona unafanya mashine iwe nzito tu?

#21 BisibisiNyota

Swali zuri. Kila fungu la data linasafiri na namba ya uhakiki iliyopigwa hesabu kutoka kwenye data yenyewe. Upande wa kupokea unapiga hesabu upya. Zikitofautiana fungu linakataliwa na kuombwa tena. Ndiyo maana faili zake hazijaharibika ovyo, zinachelewa tu. Makosa yakizidi, pande zote mbili zinaweza kukubaliana kushusha mwendo wa njia, kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3, hadi 1.5. Na fungu likipotea kabisa, mfumo unakaa unasubiri jibu, sekunde baada ya sekunde, mpaka ukate tamaa na kupiga lile kofi la 129. Wakati huo kila aliye nyuma kwenye foleni amesimama.

Ndiyo yale madirisha saba. Yeye anabofya, maombi yanapangana, diski inaamshwa, foleni yote inapita kwa mkupuo. Niliposoma mstari ule kwenye posti ya kwanza ndipo nilipoanza kuwaza njia na si mzigo. Kompyuta iliyoelemewa inakuwa nzito mfululizo. Inayoganda, ikaachia, ikaganda, mara nyingi kuna kitu inakisubiri.

#22 Tabasamu

Nimerudi. Nilipochomoa chaja kasi imeruka kutoka 0.39 hadi 2.4 GHz palepale. Nikachomeka, ikarudi 0.39. Nimeazima chaja ya dada yangu ya aina ile ile, iko sawa. Yangu kumbe waya umechubuka karibu na kichwa, nilikuwa nimeuzungushia gundi ya karatasi. Wiki mbili nimekuwa nikiondoa programu moja moja.

#23 Jirani_wa_Saba

Wakuu, ripoti.

Nakala zilimalizika jana usiku, faili mbili tu ziligoma, zote za muziki. Leo nimefungua mimi mwenyewe, mume wangu kashika tochi. Waya wa data ulikuwa umebanwa na kifuniko, una mkunjo kama sikio la kitabu sentimita mbili kutoka kwenye diski. Ncha ya upande ule ilikuwa imechomoka kidogo, nilipoigusa ikacheza kama jino la mtoto. Nimetoa wa DVD, nimeuchomeka, ukalia "tik" pande zote mbili. Ule wa zamani haukuwahi kulia tik, hauna hata kile kibati cha kujifungia.

Kuwaka: dakika moja na sekunde 50. Muda wa kujibu nimeona 9, 14, ukapanda 31 nilipofungua brauza, ukarudi 12. Muziki ulioniudhi jana umenakilika mara moja. Nimerudisha folda ya GB 40 makusudi kuitesa. C7: 000000000751.

#24 Chapchap

Aisee. Ningekuwa mimi ningepiga window mara tatu na waya ukiwa pale pale.

#25 Kikoti

Na ingegomea asilimia 9 kila mara.

#26 BisibisiNyota

Safi sana. Ule waya wa zamani ukate katikati kabla mtu hajaukuta kwenye droo akadhani ni mzima. Iangalie C7 kwa wiki moja. Ikibaki 751 basi imekwisha, ikipanda hata moja rudi hapa tuongee habari ya tundu la mazabodi.

Na Chapchap hakukosea kila kitu. Dakika moja na sekunde 50 ndiyo hali ya diski ya kuzunguka, hapo imepona, haijawa mwanariadha. SSD ya kuchomeka kwenye waya huo huo inasoma hadi kama MB 550 kwa sekunde, na muhimu zaidi haina sindano ya kuhamahama. Mfumo ukae kwenye SSD, picha zibaki kwenye hiyo ya TB 1. Ila hiyo ni kwa kupenda, si kwa dharura.

#27 Jirani_wa_Saba

Siku ya nane leo, 751. Waya nimeukata.

Mume wangu anasalimia, na ameomba tusiendelee kuandika habari za kifuniko.